EKSIREI YA NYONGA: NANI APIGWE, NANI ASIPIGWE, NA PICHA INASEMA NINI?



Leo tunaongelea nyonga. Sio ile ya kukatikia muziki, bali ile inayomuuma kijana akitoka uwanjani: anashika kinena, anatembea kama mzee, halafu wenzake wanaanza kumshauri. Mmoja anasema ni misuli. Mwingine anasema ni ngiri. Wa tatu kasoma mtandaoni anasema "hiyo ni mbano wa nyonga, kapige eksirei." Na siku hizi lipo na swali jingine: kwa nini vijana wote wanaocheza mpira wasipigwe eksirei mapema, wajulikane wenye tatizo kabla hawajaumia?

Swali zuri, na jibu lake linagusa mfuko wako na mwili wako. Basi twende taratibu.

JIBU FUPI KWANZA

Kwa wenye haraka, dakika zinakwisha hapo kaunta, hili ndilo la kuondoka nalo:

1. Una maumivu ya kinena au nyonga yasiyoisha kwa wiki kadhaa, na nyonga imekuwa ngumu kukunja: eksirei ina maana. Ndiyo kipimo cha kwanza cha picha.

2. Huna maumivu yoyote, unataka tu "kujua hali": usipige. Picha inaweza kukupa jina la ugonjwa ambao huna.

3. Mtoto wa miaka kama 10 hadi 16 anachechemea, au analalamika goti linauma na goti lenyewe halina kitu: huyo asingoje. Apelekwe hospitali leo, apigwe picha za nyonga zote mbili. Sababu iko huko chini, na ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

MBANO WA NYONGA NI KITU GANI?

Nyonga ni kama mchi na kinu. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha duara kama mpira. Kichwa hicho kinakaa ndani ya kikombe kilichoko kwenye fupanyonga. Pande zote mbili zimefunikwa na gegedu, ile kitu laini nyeupe unayoiona kwenye kiungo cha mguu wa mbuzi. Ukingo wa kikombe nao una utepe wa gegedu ngumu unaosaidia kukifunga kiungo vizuri.

Sasa, mbano unatokea pale umbo la mifupa halipishani sawasawa. Unapokunja nyonga sana, mfupa wa paja unagonga ukingo wa kikombe. Ukigonga mara moja si kitu. Ukigonga maelfu ya mara kwa miaka, utepe unachanika na gegedu inaanza kuchubuka.

Kuna aina mbili. Ya kwanza inaitwa kemu: shingo ya mfupa wa paja ina kibonge, kichwa sio duara kamili. Ya pili inaitwa pinsa: kikombe chenyewe kimezidi, kinafunika kichwa kupita kiasi. Watu wengi wenye tatizo hili wana mchanganyiko wa zote mbili. Kwa kifupi cha kitaalamu hali hii inaitwa FAI, ndiyo herufi utakazokuta kwenye ripoti.

Aliyelifanya jambo hili lijulikane duniani ni daktari wa upasuaji Reinhold Ganz wa Bern, Uswisi. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha makala iliyosema kwamba mbano huu ni moja ya sababu za nyonga kusagika. Kabla ya hapo wengi waliokuwa wanasagika nyonga wangali na umri mdogo waliambiwa tu kwamba sababu haijulikani.

KIBONGE KINATOKA WAPI?

Hapa vijana wa mpira mnisikilize. Tafiti za Uholanzi kwa wachezaji wa soka wadogo, na za Uswisi kwa wachezaji wa mpira wa kikapu, zilizochapishwa kuanzia mwaka 2011, zilionyesha kwamba kibonge cha kemu kinajitokeza wakati wa kukua, miaka ile ya balehe, kwa watoto wanaofanya mazoezi makali. Mfupa bado unakua, unapokea mishtuko mingi, nao unajibu kwa kuongeza umbo mahali pale. Ukuaji ukishafunga, kibonge hakiongezeki tena kwa maana.

Kwa hiyo ni mwili ulivyojijenga kutokana na kazi uliyopewa. Sio laana, sio kurogwa, wala hukukosea kitu.

DALILI ZAKE

Maumivu yake yanakaa zaidi kwenye kinena, mbele, ingawa mengine yanasikika ubavuni mwa nyonga au makalioni. Mtu akiulizwa panauma wapi, mara nyingi anaishika nyonga kwa vidole kama herufi C, kidole gumba nyuma na vingine mbele.

Yanazidi ukikunja nyonga sana. Kwa maisha yetu ya huku maana yake ni: kuchuchumaa chooni, kukaa chini kwenye kigoda kwa saa nyingi ukifunga majani ya tumbaku, kupanda pikipiki, kukaa kwenye basi kutoka Sikonge hadi Mbeya kupitia Rungwa, au kupiga shuti na kugeuka ghafla. Wengine wanasikia nyonga inakwama au inalia "tak."

Daktari atakulaza chali, akunje nyonga hadi nyuzi 90, ausogeze mguu kuelekea ndani na kuuzungusha. Ukiruka kwa maumivu, ni alama. Ila alama hiyo peke yake haitoshi, maana nyonga yenye ugonjwa mwingine nayo inaweza kuuma hivyo hivyo.

EKSIREI INAPIGWAJE?

Picha za kuanzia ni mbili.

Ya kwanza ni picha ya mbele ya fupanyonga lote, nyonga zote mbili kwa pamoja. Miguu inageuzwa ndani kidogo, kama nyuzi 15. Ni muhimu usilale upande upande. Fupanyonga likiinama au likizunguka kidogo tu, kikombe cha kawaida kinaweza kuonekana kama chenye pinsa. Yaani picha mbaya inaweza kukutengenezea ugonjwa. Mtaalamu wa mionzi akikwambia "tulia, nyoosha, usisogee," mtii.

Ya pili ni picha ya ubavu ya shingo ya mfupa wa paja. Kuna namna kadhaa za kuipiga; inayosifiwa kwa kuonyesha kibonge ni picha ya Dunn, nyonga ikikunjwa nyuzi 45 na mguu kutanuliwa kama nyuzi 20. Kibonge mara nyingi kinakaa mbele na juu ya shingo, kwa hiyo picha ya mbele peke yake inaweza kukikosa kabisa.

Kwenye picha hizo vinapimwa vitu viwili vikubwa:

- Pembe alfa. Unachora duara kwenye kichwa cha mfupa. Kutoka katikati ya duara unapiga mstari kufuata shingo, halafu mstari mwingine hadi pale mfupa unapoanza kutoka nje ya duara. Pembe kati ya mistari hiyo ikizidi nyuzi 60, wengi wanahesabu kuna kemu. Wengine wanatumia nyuzi 55.

- Pembe ya Wiberg, kwa jina la daktari Msweden aliyeieleza mwaka 1939. Hii inapima kikombe kimefunika kichwa kiasi gani. Nyuzi 25 hadi 40 ni kawaida. Zaidi ya 40, kikombe kimezidi. Chini ya 20, kikombe ni kifupi, na hilo ni tatizo tofauti kabisa, tena tiba yake sio ya mbano.

Eksirei haionyeshi gegedu wala ule utepe. Ukitaka kuviona hivyo unahitaji MRI, ambayo iko kwenye hospitali kubwa tu.

NA MIONZI JE?

Picha ya nyonga inakupa mionzi ya kadiri ya milisiviti 0.6 kwa mtu mzima. Kwa wastani wa dunia kila mtu anapata kama milisiviti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa hiyo picha moja ni sawa na miezi mitatu ya kuishi tu. Ni kidogo, ila ni kubwa mara nyingi kuliko eksirei ya kifua, na inapita sehemu za uzazi. Dada, kama una mimba au hujaona siku zako, sema kabla hujalala mezani. Usione aibu.

Hapa Tanzania mashine za mionzi zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Kituo kinatakiwa kiwe na kibali chake.

SASA KWA NINI TUSIPIME VIJANA WOTE?

Hapa ndipo penyewe.

Mwaka 2015 ulichapishwa uhakiki uliokusanya tafiti 26, nyonga zaidi ya 2,000 za watu WASIO NA MAUMIVU. Kibonge cha kemu kilikutwa kwenye nyonga 37 katika kila 100. Kwa wanamichezo ilikuwa kama 55 katika kila 100, kwa watu wa kawaida 23. Soma tena, mdau: zaidi ya nusu ya nyonga za wanamichezo wazima, wanaokimbia, wasiolalamika, zilikuwa na kibonge.

Sasa fikiria timu ya vijana 22 pale Sikonge wapigwe picha wote. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya kumi wangerudi nyumbani na karatasi inayosema wana kasoro. Kocha anaogopa, mzazi anasema acha mpira, kijana anaanza kusikilizia nyonga ambayo jana ilikuwa haimsumbui. Na dawa ya kumpa haipo, maana hakuna ushahidi kwamba kumpasua au kumtibu mtu asiye na maumivu kunamzuia asisagike nyonga baadaye.

Na wangapi kati yao wangekuja kusagika? Uholanzi walifuatilia watu wazima wa miaka 45 hadi 65 waliokuwa wameanza kuumwa nyonga au goti. Majibu yalitoka mwaka 2013. Nyonga zenye pembe alfa zaidi ya nyuzi 60, kama 11 tu kati ya 100 zilisagika kabisa ndani ya miaka mitano. Zenye zaidi ya nyuzi 83, robo. Zenye nyuzi 83 PAMOJA NA nyonga ngumu isiyozunguka vizuri, zaidi kidogo ya nusu. Umeona? Picha peke yake inabahatisha. Picha ikiunganishwa na mkono wa daktari ndiyo inaanza kusema kitu. Na hao walikuwa watu wazima wenye maumivu tayari, sio kijana wa miaka 17.

Shirika la Afya Duniani lilishachapisha mwaka 1968 kanuni za Wilson na Jungner kuhusu upimaji wa watu wasio na dalili. Kwa kifupi: usipime umati mpaka ujue ugonjwa unavyokwenda, uwe na kipimo kinachofaa, na uwe na tiba inayokubalika kwa utakaowakuta. Mbano wa nyonga unaanguka kwenye la kwanza na la mwisho.

Ndiyo maana mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana Warwick, Uingereza, kwamba ugonjwa huu unathibitishwa kwa mambo matatu kwa pamoja: dalili za mgonjwa, alama anazokuta daktari akimpima kwa mikono, na picha. Kikikosekana kimoja, haujathibitishwa.

MFUPA ULIOPITA HAPA KWETU

Kama unabisha kwamba mfupa mbovu sio lazima uwe mtu mgonjwa, kumbuka habari ya Tabora yenyewe. Mwaka 1844 simba alimvunja David Livingstone mfupa wa mkono wa kushoto huko kusini mwa Afrika. Haukuunga vizuri, ukabaki na kiungo cha uongo katikati. Na mkono huo huo alitembea Afrika karibu miaka 30, na mwaka 1872 akakaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi. Alipofariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani wakipitia Unyanyembe. London, mwaka 1874, daktari William Fergusson alimtambua kwa mfupa ule ule.

Eksirei ilikuwa bado. Röntgen aliigundua Ujerumani mwaka 1895. Ila somo ni lile lile. Mfupa ulitosha kusema huyu ni nani na simba alimfanya nini. Haukutosha kusema angeweza kutembea kilomita ngapi.

KABLA HUJASEMA NI MBANO: MAGONJWA YA KUTAFUTA KWANZA

Huku kwetu, faida kubwa ya eksirei ya nyonga kwa kijana sio kutafuta kibonge. Ni kukamata haya:

1. KICHWA CHA MFUPA KUTELEZA. Kinatokea kwa watoto wanaokua haraka, wavulana zaidi, hasa wenye uzito mkubwa. Kichwa kinateleza kutoka kwenye shingo pale kwenye sehemu ya ukuaji. Hatari yake ni kwamba mara nyingi mtoto anasema "goti linauma." Goti linapigwa picha, liko safi, anapewa dawa ya maumivu anarudishwa shule. Wiki zinapita, kichwa kinazidi kuteleza, siku moja kinakatika damu. Alama: anachechemea, mguu umegeukia nje. Asitembee, abebwe. Picha ya mbele na ya ubavu, kisha upasuaji wa kushikiza kwa skrubu. Ukicheleweshwa, unaacha ulemavu wa maisha.

2. SELIMUNDU. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu duniani. Seli zikiziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kufa. Mwanzoni eksirei inaweza kuonekana safi kabisa; baadaye kichwa kinabonyea. Kijana mwenye selimundu na maumivu ya nyonga asiambiwe "picha nzuri, nenda nyumbani" bila kufuatiliwa.

3. TB YA NYONGA. Maumivu ya polepole, homa za jioni, kukonda, misuli ya paja kusinyaa. Inatibika, na dawa za TB ni bure.

4. USAHA KWENYE KIUNGO. Homa kali, mtoto hataki kuguswa mguu. Hapa ni saa, sio siku.

Hakuna hata moja hapo linaloponywa kwa kuchuliwa. Mkimchua mtoto mwenye namba 1 au namba 4, mnaweza kumharibu kabisa.

IKIWA KWELI NI MBANO, TIBA NI NINI?

Wengi wanaanza bila kisu: kupunguza kuchuchumaa na kukunja nyonga kupita kiasi, dawa ya maumivu kwa muda, na mazoezi tiba ya kuimarisha misuli ya makalio, tumbo na mapaja kwa miezi kama mitatu, kwa mpangilio wa mtaalamu. Sio kunyoosha kwa nguvu hadi panapouma, hapo unazidi kujigonga.

Upasuaji upo, unafanyika kwa matundu madogo na kamera, kibonge kinachongwa na utepe unashonwa. Uingereza waliulinganisha na mazoezi tiba kwa wagonjwa 348, majibu yakatoka mwaka 2018. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopasuliwa walipata zaidi, kwa tofauti ya kama alama 7 katika 100 baada ya mwaka mmoja. Tofauti ya kweli, ila sio muujiza. Kwa hiyo asikuambie mtu uuze ng'ombe ukapasuliwe nje kabla hujamaliza hata mwezi wa mazoezi.

UKIWA SIKONGE UANZIE WAPI?

Anzia hospitali ya wilaya, pale pale mjini. Ukitakiwa kupanda juu, kuna Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, kilomita 70 na ushee kwenda Tabora. Nkinga kule Igunga nayo ni hospitali ya rufaa. Kesi ngumu zinaelekezwa Bugando Mwanza, au MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Piga simu kwanza ujue kama mashine inafanya kazi na daktari wa mifupa yupo siku gani, usije ukachoma nauli bure.

Ukifika, uliza haya matatu bila woga, ni haki yako:

- "Daktari, unatafuta nini kwenye picha hii?"
- "Je, nitapigwa ya mbele na ya ubavu pia?"
- "Majibu yakitoka hivi au vile, matibabu yatabadilika?"

Kama jibu la swali la tatu ni hapana, picha hiyo pengine huihitaji. Na ukipigwa, omba nakala yako uitunze, iwe filamu au CD. Ukihamishiwa hospitali nyingine hutarudia mionzi wala malipo.

Haya wadau, ndiyo hivyo. Hii haichukui nafasi ya daktari aliyekushika mguu. Mwenye mdogo wake anayechechemea, funga kompyuta kwanza umpeleke. Wengine, maswali na nyongeza tupieni hapo chini, hasa ninyi mnaofanya kazi vyumba vya mionzi na wauguzi. Mkiona pa kurekebisha, rekebisheni, tuelimishane.